Subiri konda agonge bodi: nilivyojifunza sentensi za Kiholanzi kwenye kitalu cha nyanya

Kosa lililonifundisha Kiholanzi kuliko darasa lolote lilinikuta asubuhi moja ya mwezi wa sita 2022, ndani ya kitalu nyumba cha nyanya huko Westland, pembeni ya Den Haag. Wao wanaita kas, mabanda ya vioo makubwa ukisimama mwanzo wa mstari huoni mwisho. Nilikuwa na miezi miwili kazini. Msimamizi wetu, jamaa mmoja mrefu anaongea haraka kama anakimbizwa, akapita na baiskeli akaniambia: "De karren die bij de achterdeur staan, moet je laten staan." Mi nikasikia karren, nikasikia achterdeur, nikasikia moet je. Yaani mikokoteni, mlango wa nyuma, inabidi wewe. Zilizobaki sikuzisubiri. Nikajibu "ja, is goed", nikaenda nikasukuma mikokoteni yote 14, mmoja mmoja, nikaijaza kwenye chumba cha baridi, jasho linanitoka huku najisifu moyoni kwamba leo watajua kuna mtu wa kazi hapa.

Kumbe jamaa alisema: mikokoteni iliyopo mlango wa nyuma iache hapohapo.

Lori lilikuwa limeshaegeshwa nje linasubiri mzigo, dereva anaangalia saa, mi ndo kwanza nafunga mlango wa chumba cha baridi. Tukairudisha yote, watu wanne, hakuna anayenisemesha. Msimamizi hakunitukana, na hiyo ndo iliuma zaidi, aliniangalia tu kisha akarudia ile sentensi yake polepole kama anaongea na mtoto, na alipofika "laten staan" akainyanyua sauti. Hapo nikaelewa kwamba maneno mawili ya mwisho ndo yalikuwa na amri yote, na mi nilishaondoka kabla hayajatoka mdomoni mwake.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Kabla sijaja nilifanya ule mtihani wa lugha wa ubalozini Dar, wa kiwango cha A1, ambao kwa kweli ni wa kukariri, unaulizwa unakaa wapi unajibu, unaulizwa mvua inanyesha au hainyeshi unajibu. Nikapita. Na kila mtu aliyewahi kufika Ulaya alikuwa ananiambia Kiholanzi ni Kiingereza kilichochanganywa na Kijerumani, wewe si unajua Kiingereza, umeshamaliza. Nikaamini. Ushauri huo umenicheleweshea kama mwaka mzima, na nitaeleza kwa nini.

Kwa Kiholanzi, pale tunaposema "ambaye" au "ambacho" au "-li-ye-" wao wana vineno viwili, die na dat. De man die daar woont, mwanaume anayekaa pale. Het huis dat daar staat, nyumba iliyopo pale. Mi nikafanya hesabu ya Kiingereza, nikajua tu die ni ya watu na dat ni ya vitu, maana Kiingereza kinagawa hivyo. Kwa hiyo nikawa nasema "het kind die", mtoto si ni mtu, na "de fiets dat", baiskeli si ni kitu. Yote makosa! Ni het kind dat na de fiets die. Mke wangu ni Mholanzi lakini muulize kwa nini, anakwambia "inasikika vizuri hivyo". Basi, mwenye lugha yake haulizwi kwa nini, na mi ukiniuliza kwa nini tunasema gari hili na sio gari hiki sina jibu la maana.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mstaafu anayejitolea maktaba kila Jumatano jioni, kwenye kile wanachoita taalcafé, mnakaa mezani na kahawa mnaongea lugha tu. Siku hiyo aliniuliza Kiswahili kinasemaje "mtu ambaye" na "kitu ambacho", nikamwandikia kwenye karatasi: mtu ambaye, kitu ambacho, gari ambalo, ukuta ambao, nyumba ambayo, mahali ambapo. Akaiangalia ile karatasi muda mrefu halafu akacheka, akasema wewe una hivi vyote kichwani afu unalalamika kuhusu viwili?

Aisee.

Nilikuwa nimekaa na ngeli miaka yote, nimechapwa kwa ajili ya ngeli sekondari, na sikuwahi kufikiri kwamba die na dat ni ngeli. Ni ngeli kabisa. Kila jina la Kiholanzi linatanguliwa na de au het, vineno vinavyofanya kazi kama "the" ya Kiingereza. Neno likiwa la de kirejeshi chake, yaani ile "ambaye" yake, ni die, likiwa la het ni dat, na wingi wote ni die, haijalishi mtu wala kiti. Het huis dat, lakini de huizen die. Shida ni kwamba neno la Kiholanzi halivai sare. Kwetu kitu kina ki- usoni, wao fiets na huis yamekaa tu, huwezi kuyaangalia ukajua. Lakini hata kwetu gari halivai kitu na bado kila mtu anajua ni gari hili, kwa sababu tumelisikia hivyo toka utotoni. Kwa hiyo dawa ni moja, usijifunze "fiets", jifunze "de fiets" kama neno moja, usilitenganishe hata ukiwa usingizini. Maneno mengi zaidi ni ya de, na yale yanayoishia na -je ya kudogosha ni het daima, ndo maana msichana anakuwa het meisje.

Het meisje dat! Msichana, binadamu kamili, anapewa kirejeshi kilekile cha nyumba. Nikamwambia yule mama hapa mmekosea, sisi tuna neno kijana, limevaa ki- kabisa lakini hatusemi kijana ambacho, tunasema kijana ambaye, kwa sababu ni mtu na utu unashinda umbo la neno. Akaniambia subiri, akaandika: het meisje dat haar fiets kwijt is, msichana aliyepoteza baiskeli yake. Hiyo haar ni "yake" ya mwanamke. Kwa hiyo kwenye kirejeshi wanafuata umbo la neno, hatua mbili mbele wanakumbuka kuwa huyu ni binti wa watu. Nikaona sawa, kila nyumba na mila zake. Na kingine kilichonipa moyo ni kwamba watoto wa Kiholanzi wenyewe wanachelewa sana kuikamata het, binti yangu ana miaka minne na anasema "de huis" kutwa nzima na bibi yake anatabasamu tu. Mi nikisema "de huis" kila mtu mezani ananisahihisha.

Lakini die na dat ni mlango tu, moto wenyewe uko kwenye kitenzi.

Chukua "kitabu alichonunua Juma". Angalia hilo neno alichonunua, ndani yake kuna nani kafanya, lini, kirejeshi kinachorudi kwenye kitabu, na tendo lenyewe, vyote vimebanwa kwenye neno moja na limegandishwa palepale ubavuni mwa kitabu. Hata Juma mwenyewe anasogezwa nyuma ya kitenzi, huwezi kusema "kitabu Juma alichonunua", sikio linakataa. Sisi tuna haraka na kitenzi. Sasa Mholanzi: het boek dat Juma gisteren op de markt voor zijn moeder heeft gekocht. Kitabu, kirejeshi, Juma, jana, sokoni, kwa ajili ya mama yake, na hapo ndo kitenzi kinafika, kimechelewa, kinahema. Kila kitu kinaingizwa katikati na kitenzi kinasukumwa mpaka ukutani. Mi nilikuwa nasema "het boek dat heeft Juma gekocht", yaani nabeba mwendo wangu wa kwetu, jina halafu kirejeshi halafu kitenzi fasta. Wanakuelewa lakini unaona kabisa uso unakunjamana kidogo.

Namna nilivyoipata mimi ni kwa daladala. Abiria wanaingia, mizigo inaingia, ndoo ya samaki inaingia, mtu anabishana chenji, na gari haliondoki mpaka konda agonge bodi. Kitenzi cha mwisho ndo konda. Ukishasikia die au dat, jua mlango umefunguliwa na watu wanaingia, tulia, usiondoke. Ile sentensi ya mikokoteni ina makonda wawili: staan ya kwanza inagonga kufunga "iliyopo mlango wa nyuma", na laten staan inagonga kufunga sentensi yote. Mi niliondoa gari konda wa pili bado yuko chini.

Kwa muda mrefu nilikwepa. Watu wengi tunakwepa na hatusemi. Badala ya kusema "jirani yangu ambaye mbwa wake anabweka usiku" nilikuwa nasema nina jirani, yeye ana mbwa, mbwa anabweka, usiku. Vipande vipande kama mtu anayelipia simu kwa neno. Na kwenye "kwa sababu" nilikuwa naishi na want peke yake. Kuna want na kuna omdat, zote ni kwa sababu, ila want haigusi kitenzi, ik kom niet want ik ben ziek, siji kwa sababu naumwa, mpangilio wa kawaida. Omdat inakisukuma mwisho, ik kom niet omdat ik ziek ben. Kwa hiyo mi kila kitu want, want, want, mpaka mke wangu akaanza kuniita Meneer Want. Kwenye mazoezi ya kuandika ukwepaji haufanyi kazi, maana wanakupa mwanzo wa sentensi na omdat yao imeshakaa pale, we malizia.

Halafu ukishakubali kwamba vitenzi vinaenda mwisho wanakuletea vitenzi viwili, vitatu, kwenye foleni. De fiets die ik heb gekocht au de fiets die ik gekocht heb? Yule mama wa maktaba anaandika heb gekocht, mama mkwe wangu anasema gekocht heb, nikadhani mmoja wao kakosea na nikajiapiza sitamwambia mama mkwe. Kumbe zote sawa. Wana majina kabisa, mpangilio mwekundu ni ule wa heb gekocht na wa kijani ni gekocht heb, na hizo rangi zilitoka kwenye ramani ya lahaja za zamani, ya 1953. Wa kijani utausikia sana midomoni, mwekundu utauona sana kwenye maandishi. Mi natumia mwekundu kwa sababu moja tu ya kivivu, unafuata mpangilio ulioshauzoea.

Siku nilipoandika barua kwa watu wa gemeente, yaani manispaa, kuomba radhi kwa fomu niliyochelewesha, nilitaka kusema "fomu niliyotakiwa kuituma wiki iliyopita". Ikawa: het formulier dat ik vorige week had moeten sturen. Had moeten sturen, makonda watatu kwa mpigo. Na moeten hapo ilitakiwa iwe kwenye umbo la gemoeten kama sheria ya darasani inavyosema, lakini ikikutana na kitenzi kingine inarudi kuwa ya kawaida. Nilikaa na hiyo sentensi dakika 20. Nilipomaliza nilijisikia kama nimejenga nyumba.

Ila sio kila kitu kilikuwa vita. Kuna sehemu Kiswahili kilinibeba kabisa na Kiingereza ndo kilikuwa kinanivuta shati. Ukitaka kusema umekaa hapa miaka mitatu na bado upo, Kiingereza kinataka wakati uliopita wenye mkia. Mholanzi anasema ik woon hier al drie jaar, naishi hapa miaka mitatu sasa, wakati uliopo, vilevile kama tunavyosema sisi. Siku niliyogundua hilo niliacha kabisa kupitia Kiingereza. Nikawa natoka Kiswahili moja kwa moja kwenda Kiholanzi, na mambo mengi yakaanza kukaa.

Mfano "waarmee". Darasani Mmarekani mmoja alihangaika nayo sana. Kwa kitu, ukitaka kusema "kisu ambacho nakatia nyama", unachukua waar unaunganisha na kihusishi: het mes waarmee ik vlees snijd. Stoel waarop, kiti unachokalia. Mi nikaona hii si kauli yetu ya kutendea hii? Ninachokatia, ninachokalia, ninachoandikia. Sisi kale ka-uhusiano tunakaficha ndani ya kitenzi, wao wanakapachika kwenye kirejeshi. Kwa mtu inabadilika, unasema de collega met wie ik werk, mwenzangu ninayefanya naye kazi. Hapo ndo utu unahesabika, sio kule kwenye die na dat nilikokuwa naulazimisha! Ingawa kule kazini utasikia "de collega waar ik mee werk" kila siku, nilimwambia yule mama, akafumba macho kama ameng'ata limau.

Mazoezi yangu nilifanyia kwenye mistari ya nyanya, hakuna mtu anakusikia mle. Kati ya mistari kuna mabomba ya maji ya moto yanayopasha joto kitalu, na mabomba hayohayo ndo reli ya mikokoteni, mkokoteni unatembea juu yake. Basi naenda naongea mwenyewe: de buizen waarover de kar rijdt. De tomaat die nog groen is. Het blad dat ik moet plukken. De dieven die ik vergeten ben. Hao dieven ni wezi, ndo jina la vile vichipukizi vinavyoota pembeni ya shina vinaiba nguvu ya mmea, kazi ya kuvivunja nayo inaitwa dieven, nimelipenda neno hilo kuliko maneno yao yote. Jambo moja kwa siku: wiki hii die na dat tu, wiki ijayo waar tu. Mpolandi wa mstari wa pili alidhani nasali.

Mtihani wa Staatsexamen NT2, ule Programma I wa kiwango cha B1, una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika, kuongea. Tatu nikapita mara ya kwanza. Kuandika nikafeli, na nilijua nimefeli kabla sijatoka chumbani kwa sababu kuna sentensi niliifungua kwa die nikaweka maneno weee mpaka nikasahau kugonga bodi, kitenzi hakikutokea kabisa. Mara ya pili nikapita, 2024.

Kitu cha mwisho yule mama alichonionyesha ni hiki: de vrouw die de man zag. Nani kamwona nani? Inaweza kuwa mwanamke aliyemwona mwanaume, na inaweza kuwa mwanamke ambaye mwanaume alimwona, sentensi ni ileile, herufi kwa herufi. Nikamwambia kwa majivuno Kiswahili hakina upuuzi huo, kitenzi chetu kinaonyesha mtenda na mtendwa. Akaniambia hebu nitafsirie. Nikaanza... na nikakwama, kwa sababu "mtu aliyempiga Juma" inaweza kuwa mtu kampiga Juma, na inaweza kuwa mtu ambaye Juma ndo kampiga, kama vile kitabu alichonunua Juma. A- na m- zote za ngeli moja, hakuna wa kuamua. Miaka yote naongea lugha hii sijawahi kuliona hilo. Nikamuuliza sasa nyinyi mnajuaje? Akasema, unajua tu, nani alikuwa anatafutwa.

Jumapili yake nikampigia mama Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hamjambo huko? Huku sisi tumelala polisi jana, yule kijana aliyempiga Juma kaleta balaa."

Nikajikuta namuuliza, "Mama, kijana kampiga Juma, au Juma ndo kampiga kijana?"

Kimya. Nasikia kuku nyuma yake.

"Juma yuko wodini kafungwa bendeji, we unaniuliza nani kampiga nani? Mpe mkeo simu niongee na mtu mwenye akili."

Nikampa. Mke wangu anamwelewa vizuri tu.